Nani Ameshika Mizani? Tathmini ya Siasa ya Paul Bomani na Ushirika wa Pamba wa Kanda ya Ziwa

Historia ya ukombozi wa Kanda ya Ziwa haiwezi kuandikwa bila kutaja pamba, na historia ya pamba haiwezi kuandikwa bila kutaja jina la Ndugu Paul Bomani. Lakini kulitaja jina si kulichambua. Katika semina za makada na katika insha za wanafunzi, jina hili limekuwa likitumiwa kwa namna mbili zinazopingana. Wapo wanaomwita baba wa ushirika, shujaa aliyemtoa mkulima wa Usukuma katika makucha ya mnunuzi wa pamba. Wapo pia wanaomwona kuwa mwakilishi wa wachuuzi na wakulima wakubwa, mtu aliyepanda ngazi kwa mabega ya wavuja jasho, kisha akawasahau alipofika juu.

Sisi tunaona kwamba maoni hayo mawili yana kasoro moja. Yote yanamtazama mtu, tena mtu peke yake. Hayautazami uhusiano uliokuwapo kati ya mtu huyo, umma uliomtuma, na dola aliyopatana nayo. Ndiyo maana kundi la kwanza halina jibu linapoulizwa kwa nini mkulima yule yule wa Mwanza alimnyima kura mwaka 1965. Na kundi la pili halina jibu linapoulizwa kwa nini mkulima huyo alimfuata kwa mamia ya maelfu miaka kumi kabla ya hapo. Itikadi inayoshindwa kueleza mambo mawili yaliyotendwa na watu wale wale si itikadi ya kuongozea kazi; ni sifa au ni lawama tu.

Katika makala hii tutajaribu kueleza yote mawili kwa sababu moja. Hoja yetu ni kwamba Ndugu Bomani alikuwa mwanasiasa wa mapatano, labda hodari kuliko wote waliotoka katika ufuko wa Ziwa Victoria. Siasa ya mapatano ina nguvu zake na ina mpaka wake. Tukiujua mpaka huo tutaelewa yaliyompata yeye, na zaidi ya hapo tutaelewa yaliyoupata ushirika wenyewe.

Siasa ya mapatano: mfano wa Italia

Siasa ya aina hii haikuzaliwa Mwanza. Mfano wake uliosomwa sana duniani ni ule wa Giovanni Giolitti, kiongozi wa chama cha kiliberali katika Italia, aliyezaliwa mwaka 1842 na kufa mwaka 1928. Giolitti hakutoka katika mapambano ya umma. Alitoka ofisini, mtumishi wa serikali mwenye ujuzi wa mahesabu ya fedha. Kati ya mwaka 1892 na mwaka 1921 aliunda serikali mara tano.

Ubepari wa Italia ya kaskazini ulikuwa unakua kwa haraka, na pamoja nao lilikua tabaka la wafanyakazi wa viwandani. Watangulizi wake waliwajibu wafanyakazi kwa risasi. Giolitti alijibu kwa mazungumzo. Mgomo mkuu wa mwaka 1904 hakuuvunja kwa jeshi. Aliuacha uchoke wenyewe, kisha akaitisha uchaguzi na kuushinda. Vyama vya ushirika vya vibarua alivipa kandarasi za serikali. Mwaka 1912 alifanya bima ya maisha kuwa shughuli ya dola, na mwaka huo huo akapanua haki ya kura kwa wanaume, hata idadi ya wapiga kura ikatoka milioni tatu na ushei ikapita milioni nane. Haya si mambo madogo, na msomaji asiyadharau.

Lakini mapatano yale yalikuwa na mtu wa kuyalipia. Mlipaji alikuwa mkulima wa kusini. Huko wakuu wa mikoa wa Giolitti walitumia polisi na wahuni ili wagombea waliotakiwa na serikali wapite. Mwanahistoria Gaetano Salvemini alichapa kitabu mwaka 1910 kumwita waziri wa wahalifu. Mwaka 1911 Giolitti aliingia vita ya kuiteka Libya, na damu ya Mwafrika ikawa sehemu ya bei ya utulivu wa Ulaya. Antonio Gramsci, mzaliwa wa kisiwa maskini cha Sardinia, alieleza vizuri kwamba maelewano kati ya wenye viwanda na sehemu ya wafanyakazi wa kaskazini yalisimama juu ya mgongo wa mkulima wa kusini.

Mwisho wa siasa ile unajulikana. Mwaka 1920 wafanyakazi walipoteka viwanda, mzee Giolitti alitumia tena dawa yake ya kungoja na kuahidi, na ilifanya kazi. Mwaka 1921 aliwaingiza Mafashisti katika orodha yake ya wagombea akidhani atawafuga kama alivyowafuga wengine. Wakapata viti thelathini na kitu. Mwaka 1922 Mussolini alikuwa ameshika serikali. Mpatanishi aligundua kwamba kila kundi alilopatana nalo lilikuwa limepata kitu kutoka kwake, wala hakuna hata moja lililokuwa tayari kusimama kumtetea.

Hatuleti mfano huu ili kumfananisha Ndugu Bomani na Giolitti kama watu. Bomani alikuwa mwana wa nchi iliyotawaliwa, Giolitti alikuwa kiongozi wa dola iliyotawala wengine. Tunalinganisha njia: kupata haki kwa kuzungumza na wenye nguvu kwa niaba ya wasio na nguvu. Swali ni lile lile huku na kule. Mazungumzo yakimalizika, nguvu imebaki mikononi mwa nani?

Chanzo: mizani

Paul Bomani alizaliwa mwaka 1925 huko Ikizu, katika iliyokuwa wilaya ya Musoma, mtoto wa mchungaji wa Kanisa la Wasabato. Alifanya kazi ya ukarani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, na mwaka 1947 akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Wachambuzi wengine husimama hapo na kusema: tazameni, mwanzo wake ni duka. Ni kweli. Lakini duka la Mwafrika mjini Mwanza halikuweza kukua peke yake, kwa sababu mteja wake alikuwa mkulima wa pamba, na fedha ya mkulima ilikuwa inapotea kabla haijafika dukani. Ilipotelea katika mizani.

Msomaji kijana aelewe jinsi biashara ile ilivyokwenda. Bei ya ratili moja ya pamba ilitangazwa na serikali. Viwanda vya kuchambulia pamba, pamoja na vituo vingi vya kununulia, vilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Kiasia waliopewa leseni na utawala wa kikoloni. Mkulima alivuna, akatenga pamba safi na pamba fifi, akabeba mzigo kichwani au kwa punda hadi kituoni. Hapo mnunuzi alipima, mnunuzi alisoma, mnunuzi aliandika. Bei ilikuwa ya serikali lakini uzito ulikuwa wa mnunuzi.

Tufanye hesabu ya mfano. Mtu ana ratili 1,000 za pamba. Mizani ikipunja ratili tano katika kila mia, mkulima huyo amepoteza ratili 50. Pamba yake ikiitwa fifi ilhali ni safi, amepoteza tena kwa bei. Mtu mmoja ataona ni hasara ndogo, na pengine hataiona kabisa kwa kuwa hajui kusoma namba. Zidisha hasara hiyo kwa kila mlimaji wa Kwimba, Maswa, Shinyanga, Geita, Ukerewe na Musoma, utaona jinsi utajiri ulivyojengwa bila mtu kushika jembe.

Jibu la wakulima halikutoka katika kitabu. Kuanzia mwaka 1950 wakulima walijiunga katika chama chao na kuweka wapimaji wao wenyewe karibu na vituo vya kununulia. Mkulima alipima kwanza kwa mpimaji wa chama, akajua uzito wake, ndipo akaenda kwa mnunuzi. Kwa tendo hilo moja mambo mawili yalibadilika. Kwanza, wizi ulipata shahidi. Pili, na hili ni kubwa zaidi, mtu ambaye alizoea kupokea alichopewa alianza kudai anachostahili akiwa na namba mkononi. Huu ndio mwanzo wa siasa ya umma katika Usukuma. Wapimaji wale walilipwa na wakulima, na mkulima aliyetilia shaka mpimaji aliweza kumwondoa.

Kazi kubwa ya Bomani ilikuwa kuifanya nguvu hii iliyotawanyika iwe chombo. Alikwenda Uingereza mwaka 1953 kusoma mambo ya ushirika katika chuo cha Loughborough, akarudi, na mwaka 1955 likasajiliwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, yeye akiwa meneja mkuu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 karibu pamba yote ya Jimbo la Ziwa ilipitia humo. Shirikisho lilikuwa na yunioni 19 na vyama vya msingi zaidi ya 300, likamiliki viwanda vyake vya kuchambulia pamba, na likahesabiwa miongoni mwa ushirika mkubwa kabisa katika Afrika. Wanaodharau kazi hii kwa sababu mwanzilishi wake alikuwa katibu wa chama cha wenye maduka wanadharau kazi ya wakulima laki kadhaa.

Mkoloni alisajili ushirika, akaikataa TANU

Hapa ndipo uchambuzi unapohitaji makini. Mwishoni mwa mwaka 1954 utawala wa kikoloni ulikataa TANU isifanye kazi katika Usukuma, na marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1958. Katika miaka ile ile utawala huo huo ulisajili vyama vya ushirika kimoja baada ya kingine. Katikati ya miaka ya 1950 Bomani aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Je, adui alikuwa amelala?

Hakuwa amelala. Usukuma wakati huo ulikuwa unachemka. Tangu mwaka 1947 Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulikuwa umeleta amri juu ya amri: limeni kwa matuta, punguzeni ng'ombe, lipeni kodi ya mifugo, asiyetii alipigwa faini na baraza la mtemi wake. Serikali iliona kwamba hasira ya mkulima ina mito miwili. Mto mmoja ni wa bei na mizani, mwingine ni wa utawala. Ule wa kwanza unaweza kuchimbiwa mfereji. Ule wa pili ukiachwa utabomoa nyumba. Kwa hiyo ikaruhusu wa kwanza ikitumaini kwamba utaukausha wa pili.

Matumaini hayo yalishindwa. Mwaka 1958 watu wa Geita walipinga baraza la wilaya la mseto wa rangi walilolazimishwa, wakaandamana hadi Mwanza, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Mwaka huo huo marufuku ya TANU ikaondolewa. Watu wale walikuwa ni wale wale wenye kadi za ushirika. Shule waliyosoma kwenye mizani waliitumia mbele ya ofisi ya bwana shauri.

Mtaalamu Andrew Maguire, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya siasa za Usukuma, ameeleza kipindi hiki kwa upana na kukiita siasa ya ushiriki. Tunakubali thamani ya kazi hiyo. Lakini neno ushiriki halitoshi. Mtu anaweza kushiriki katika jambo lililoamuliwa na mwingine. Katika Usukuma ya miaka ya 1950 kulikuwa na ushiriki wa aina mbili uliokwenda pamoja bila kuwa kitu kimoja: wa mkulima aliyesimamia mizani yake, na wa kiongozi aliyekaa barazani na kamati za bei kwa niaba yake. Wakati adui alikuwa mmoja, tofauti hiyo haikuonekana. Ilingoja Uhuru ndipo ionekane.

Kutoka ushirika hadi Hazina

Katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 Bomani aliingia Barazani kwa tiketi ya TANU. Serikali ya madaraka ilipoundwa mwaka 1960 alipewa Wizara ya Kilimo na Maendeleo ya Ushirika, na kuanzia mwaka 1962 hadi 1965 alikuwa Waziri wa Fedha. Alikuwa Hazina wakati serikali tatu za Afrika Mashariki zilipotangaza, mwezi Juni 1965, kwamba kila nchi itaanzisha benki kuu yake na sarafu yake. Mtoto wa Ikizu aliyeanza kwa kuhesabu mali ya duka sasa alihesabu mali ya taifa.

Tufahamu maana ya nafasi hiyo. Taifa changa lilihitaji fedha kwa shule, hospitali, barabara na watumishi. Mpango wa kwanza wa miaka mitano, ulioanza mwaka 1964, ulitegemea sana mitaji na misaada kutoka nje. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililikosoa tegemeo hilo kwa maneno makali. Fedha iliyopatikana ndani ilitoka wapi? Ilitoka kwa mkulima wa mazao ya biashara, na pamba ilikuwa miongoni mwa mazao makuu. Kwa hiyo Waziri wa Fedha, hata angekuwa nani, alikaa upande wa pili wa meza ile ile aliyokuwa amekaa meneja mkuu wa Shirikisho. Jana alidai bei ya mkulima ipande. Leo alilazimika kutafuta makato.

Hapa msomaji asidhani tunazungumza juu ya tabia. Mtu mwema akiwekwa mahali ambapo kazi yake ni kutoza, atatoza. Tatizo lilikuwa kwamba kiti alichokiacha hakikujazwa na nguvu ya wakulima. Kilijazwa na makarani. Kadiri Shirikisho lilivyopewa kazi za serikali, kukusanya ushuru wa halmashauri, kukata madeni ya pembejeo, kununua zao lote peke yake, ndivyo lilivyogeuka kutoka chombo cha kudai kwenda chombo cha kutoza. Mpimaji aliyekuwa ameajiriwa na wakulima ili amlinde mkulima dhidi ya mnunuzi akawa sasa mpimaji wa mnunuzi, kwa sababu mnunuzi alikuwa ni ushirika wenyewe. Mizani ikabaki ile ile. Shahidi akaondoka.

Na bei ya pamba katika soko la dunia ikashuka katika miaka ile. Mkulima hakuliona soko la Liverpool. Aliona stakabadhi yake. Katika stakabadhi hiyo kulikuwa na makato ya chama cha msingi, ya yunioni, ya Shirikisho, ya bodi, ya halmashauri. Kila kato lilikuwa na sababu yake katika ofisi fulani. Kwa pamoja yalikuwa na maana moja kwa mwenye shamba: nimelima zaidi, nimepata pungufu.

Hukumu ya mwaka 1965

Mwezi Septemba 1965 nchi yetu ilifanya uchaguzi wake wa kwanza chini ya chama kimoja. Katika kila jimbo la ushindani walisimama wagombea wawili, wote wa TANU, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine nyumba. Wapo waliodai huko nje kwamba uchaguzi wa namna hiyo ni mchezo. Wananchi walijibu kwa kura. Miongoni mwa vigogo walioanguka alikuwa Waziri wa Fedha, Ndugu Paul Bomani, tena Mwanza, katikati ya nchi ya pamba.

Kura haina sababu moja, na waliouchunguza uchaguzi ule wametaja mambo mengi ya mahali na ya watu. Lakini haiwezekani kueleza kuanguka kwa muasisi wa ushirika wa pamba katika ngome ya pamba bila kuutazama ushirika wenyewe na pamba yenyewe. Waliompigia kura ya kumkataa hawakuwa maadui wa ushirika. Adui wa ushirika angefurahi kumbakiza kiongozi aliye mbali na wanachama. Hawa walikuwa wanachama. Walikosa mahali pa kumwondoa karani wa mizani, wakamwondoa waziri.

Kwa maoni yetu hii ndiyo maana ya mwaka 1965, nayo ni maana nzuri kwa demokrasia ya nchi. Ni maana mbaya kwa ushirika. Chama cha wakulima kinapokuwa na afya, mwanachama humkosoa mwenyekiti wake mkutanoni, hupekua daftari, hubadilisha kamati. Akilazimika kungoja uchaguzi wa Taifa ili atoe hasira ya ratili hamsini, maana yake mlango wa karibu umefungwa.

Rais Nyerere alimteua Bomani kurudi Bungeni na kumpa wizara ya uchumi na mipango ya maendeleo. Hilo nalo lilionyesha kwamba Taifa lilithamini ujuzi wake. Baadaye, kuanzia mwaka 1972 hadi 1983, alikuwa balozi wetu Marekani, kazi inayomfaa mpatanishi kuliko zote. Alifariki mwaka 2005. Utumishi wake kwa Taifa hauna ubishi. Lakini tangu Septemba 1965 habari ya mtu na habari ya chombo zilishika njia mbili, na sisi yatupasa tufuate ile ya chombo.

Mizani yapandishwa juu zaidi

Mwaka 1966 kamati maalum ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Ilikuta uendeshaji mbovu, upendeleo, wizi, watumishi wengi wasio na kazi, na wanachama wasiojua haki zao. Mwalimu alikuwa ametaka ukweli, na ukweli ulisemwa. Ugonjwa ulitambuliwa vizuri. Tatizo lilikuwa dawa.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuliweka Shirikisho la Victoria chini ya uangalizi wa serikali, kisha mwaka 1968 likavunjwa na nafasi yake ikashikwa na Yunioni ya Ushirika ya Nyanza. Mwaka 1973 ikaundwa Mamlaka ya Pamba. Mwaka 1976 yunioni zote za ushirika nchini zikafutwa, na vijiji vikatakiwa kuyauzia mashirika ya umma moja kwa moja. Katika kila hatua nia ilikuwa kumlinda mkulima dhidi ya viongozi wabovu wa ushirika. Katika kila hatua mizani ilipanda ghorofa moja juu. Kutoka kwa mpimaji wa kijiji ilikwenda kwa karani wa yunioni. Kutoka kwa karani wa yunioni ikaenda kwa ofisa wa mamlaka. Ofisa yule hakuchaguliwa na mkulima, wala mkulima hakuweza kumwondoa, hata kwa kura ya mwaka 1965.

Hapa ndipo tunapoona kwamba siasa ya mapatano na siasa ya amri, ambazo zinaonekana kuwa maadui, zinaweza kuwa ndugu. Mpatanishi anasema: niachieni mimi, nitawasemea. Mwamrishaji anasema: niachieni mimi, nitawaamulia. Wote wawili wanaanza na neno niachieni. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwisha kuonya juu ya kiongozi mwenye majivuno na dharau kwa wananchi, na ukataka wananchi washiriki katika kufikiria, kupanga na kutekeleza maendeleo yao. Waliofuta ushirika miaka mitano baadaye hawakuusoma Mwongozo huo kwa macho ya mkulima wa pamba.

Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu ushirika urudi, na mwaka 1984 yunioni zikaanzishwa upya, Nyanza kwa upande wa Mwanza na nyingine kwa Shinyanga. Mwalimu mwenyewe baadaye alikiri wazi kwamba kuvifuta vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Lakini chombo kilichofutwa kwa amri na kurudishwa kwa amri kilirudi na jina bila mazoea. Vijana waliozaliwa baada ya mwaka 1976 hawakuwahi kumwona baba yao akipinga mizani. Ndiyo maana wanunuzi binafsi waliporuhusiwa katika pamba mwaka 1994, yunioni hazikuweza kushindana. Si mtaji tu uliokosekana. Ilikosekana imani, na imani haikopeshwi benki.

Tunajifunza nini?

Somo la kwanza ni kwamba wanaomsifu Bomani na wanaomlaumu wamekuwa wakibishana juu ya ngazi, wakati suala ni msingi. Nguvu yake ya mwaka 1955 ilitoka kwa wapimaji wa vijijini, si kwa ufasaha wake mbele ya Gavana. Mapatano aliyoyapata yalikuwa halali kwa sababu nyuma yake kulikuwa na watu wanaoweza kukataa kuuza. Mpatanishi mwenye umma nyuma yake ni mjumbe. Mpatanishi ambaye umma wake umerudi nyumbani ni mtu mmoja tu chumbani. Giolitti alikuwa wa namna hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Bomani alianza kuwa mjumbe, na mfumo ukamfanya awe kama Giolitti.

Somo la pili ni kwamba chombo kimoja hakiwezi kuwa wakili wa mkulima na wakati huo huo mtoza ushuru wake. Serikali ina haki ya kutoza, na mkulima ana wajibu wa kulijenga Taifa lake. Lakini kazi hizo zitenganishwe, ili mkulima ajue ni nani amkabili kwa lipi. Ushirika ukipewa kila kazi ya dola, utaheshimiwa na dola na kuogopwa na wanachama.

Somo la tatu linatuhusu sisi makada moja kwa moja. Ni rahisi kuona wizi wa mgeni. Wizi wa mnunuzi wa Kiasia mwaka 1950 kila mtu aliuona, na wengine waliuona kuwa ni suala la rangi. Wizi wa karani mzalendo mwaka 1965 ulihitaji uchambuzi wa kitabaka ili uonekane, na wengi walichelewa. Unyonyaji hauna kabila wala rangi, una nafasi. Yeyote anayepima, akasoma na kuandika peke yake, amekaa katika nafasi ya mnyonyaji hata kama asubuhi aliimba wimbo wa Chama.

Maswali haya hayakuisha pamoja na karne iliyopita. Tangu mwaka 2018 serikali imeelekeza pamba inunuliwe kupitia vyama vya ushirika vya msingi, na mkulima wa Kwimba, Magu au Misungwi amerudi kupeleka mzigo wake kwenye chama. Uamuzi huo unaweza kuwa mwanzo mpya, na unaweza kuwa mwaka 1962 uliorudi kwa vazi jingine. Haitaamuliwa na hotuba. Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tunaongeza kwamba daftari bila msomaji ni mapambo.

Kada anayefika kijijini wakati wa msimu, au mwanafunzi anayefanya utafiti wake katika ufuko wa ziwa, asianze kwa kuuliza idadi ya wanachama wala rangi ya jengo la chama. Aulize mambo matatu. Nani amesimama kando ya mizani pamba inapopimwa, na nani alimchagua? Daftari la chama lilisomwa lini hadharani, na nani aliuliza swali? Na karani akionekana ana kasoro, wanachama wanaweza kumwondoa katika mkutano wao wenyewe, au wanangoja barua kutoka mkoani?

Majibu yakiwa mazuri, ushirika upo hata kama ofisi ni ya nyasi. Yakiwa mabaya, kazi ya mwaka 1950 inatakiwa kuanza tena, na iaanze pale pale ilipoanzia, kwa mkulima mwenye namba yake mkononi.